Amitriptilini 25 usiku, mwaka mzima: dozi hii inatibu nini?

Swali: Shikamoo daktari. Natoa dawa dirishani kwenye kliniki ya wagonjwa wa nje, huu ni mwaka wa pili. Dawa za sonona wanazoandika madaktari wetu wa kawaida zinafanana mno. Amitriptilini ni miligramu 25 usiku, fluoksetini ni miligramu 20 asubuhi. Hazipandi, hazishuki. Wapo wanaochukua dozi hiyohiyo tangu nilipoajiriwa, na wengi zaidi huchukua mara moja au mbili halafu siwaoni tena. Mwongozo ninaousoma unasema amitriptilini ya sonona ifike 100 hadi 150. Je, madaktari wanaogopa, hawajui, au mimi ndiye sielewi? Na yupo mzee mmoja wa miaka sabini na kitu aliyepandishwa kutoka 25 hadi 75 kwa siku moja. Juzi alijishikilia kwenye dirisha langu asianguke. Nafanya nini mimi ambaye kazi yangu ni kutoa dawa tu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na mzee wako, maana yeye hawezi kusubiri umalize kusoma. Mtafute daktari aliyemwandikia, leo hii. Amitriptilini humshusha mtu presha anapoinuka, na kwa mwenye miaka sabini kuyumba kwa namna hiyo ndiko kunakoleta kuvunjika nyonga. Apimwe presha akiwa amelala, kisha akiwa amesimama. Aulizwe kama mkojo unatoka vizuri, kwa sababu mwenye tezi dume dawa hii inaweza kumfungia mkojo kabisa. Aulizwe kama anapata choo, kama usiku anachanganyikiwa, na anameza dawa gani nyingine, hasa za presha. Kipimo cha umeme wa moyo kikiwepo, nacho afanyiwe. Miligramu 75 kwa mzee hazina ubaya zikifikiwa taratibu: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioandikwa kwa ajili ya vituo visivyo na madaktari wa akili, huu unaoitwa mhGAP, unaruhusu wazee wafike 50 hadi 75, wasizidi 100. Kilichomyumbisha ni kurukishwa. Ila usimwambie aache dawa yote ghafla. Kama ni kurudi 25 au 50, hilo daktari ataamua. La kwako ni daktari ajue leo kwamba mgonjwa wake anayumba.

Sasa turudi kwenye swali lenyewe.

Umeona jambo ambalo sisi madaktari hutupita, kwa kuwa kila mmoja wetu anamwona mgonjwa wake, ilhali vyeti vyote vinapita mkononi mwako. Lakini umeziweka dawa mbili kapu moja, nazo hazifanani. Fluoksetini 20 isiyopanda kwa kawaida iko sawa. Amitriptilini 25 isiyopanda inaweza kuwa tiba nzuri kabisa au ikawa kosa kubwa, na cheti chenyewe hakikwambii ni ipi kati ya hizo.

Amitriptilini iliruhusiwa Marekani mwaka 1961, miaka minne baada ya daktari Roland Kuhn wa Uswisi kutangaza kwamba imipramini, ndugu yake mkubwa, inawainua wagonjwa wa sonona nzito. Tangu hapo imepewa kazi nyingine nyingi. Mgonjwa wa kisukari ambaye nyayo zinamwaka moto usiku huanzishiwa 10 au 25, na wengi hawahitaji kuzidi 75. Mwenye kipandauso kinachorudi mara kwa mara, vivyo hivyo. Kwa hiyo mama anayechukua 25 usiku kwa mwaka wa pili kwa ajili ya miguu inayochoma, na miguu imetulia, hana tatizo lolote. Akipandishwa hadi 150 kwa sababu mwongozo wa sonona unasema hivyo, atapata kinywa kikavu na choo kigumu bure.

Hata wanaokusanya takwimu za dawa hukwama hapa. Shirika la Afya Duniani lina kipimo cha kuhesabia matumizi, yaani dozi ya kawaida ya siku moja ya mtu mzima kwa kazi kuu ya dawa hiyo. Amitriptilini imewekwa 75, fluoksetini 20, sertralini 50. Mtu akichukua vidonge vyote vya amitriptilini vilivyotoka dirishani kwako na kuvigawa kwa 75, atadhani amehesabu tiba ya sonona, kumbe ndani yake mna miguu, vichwa na migongo ya watu wasio na sonona kabisa.

Penye kosa ni hapa. Wagonjwa wa sonona wanaokaa mbele ya daktari na kusema "nina huzuni" ni wachache. Wengi husema kichwa, mgongo, moyo unakwenda mbio, mwili hauna nguvu, silali. Nje ya mlango kuna foleni. Vipimo vya damu vinarudi safi. Daktari anaandika amitriptilini 25 usiku, na usiku uleule mgonjwa analala, kwa sababu dawa hii huleta usingizi kwa dozi ndogo na kwa haraka, kwa kuzuia histamini. Njia hiyo ni tofauti kabisa na ile inayotibu sonona, ambayo inahitaji dozi kubwa zaidi na wiki kadhaa. Mgonjwa anashukuru, daktari anaridhika, wewe unahesabu vidonge thelathini. Sonona imebaki palepale.

Nikupe kosa langu mwenyewe, la zamani, nilipokuwa bado daktari wa kawaida kwenye kliniki ya nje. Mama mmoja wa miaka hamsini na kitu alikuja na mgongo na kukosa usingizi. Nikamwandikia 25 usiku, na chini yake neno "aendelee". Kwa neno hilo alipita dirishani miezi kumi na minne bila mtu kumuuliza chochote. Siku aliyorudi kwangu alikuja kwa ajili ya kikohozi. Nikamuuliza usingizi ukoje, akasema mzuri. Nilikuwa nafunga daftari lake nilipoongeza swali moja: na ukiamka? Akaitazama mikono yake kwa muda, akasema, "Nalala vizuri daktari, ila naamka yuleyule."

Tulijaza pamoja yale maswali tisa ya kupima sonona yanayoitwa PHQ-9. Alama zake huanzia 0 hadi 27, na kuanzia 10 tunachukulia kwamba kuna jambo la kuchunguza. Alipata 19. Nikamuuliza kama amewahi kufikiria kujidhuru, nikamuuliza pia kama amewahi kuwa na siku za furaha iliyopitiliza, asiyelala na asiyechoka, maana mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia dawa hizi zikipewa peke yake zinaweza kumrusha juu. Hayakuwepo yote mawili. Nikampandisha 50, wiki iliyofuata 75, kisha 100. Kinywa kilimkauka, choo kikamsumbua, tukapambana na hayo hatua kwa hatua. Wiki ya sita akaingia, akakaa, akainuka tena, akaniambia mguu wa kiti changu umelegea, nitafute fundi kabla hakijamwangusha mtu. Kiti kile kilikuwa kimelegea tangu mwanzo, na alikuwa amekikalia mara tano bila kuliona hilo. Ndipo nilipojua kwamba anapona, kabla hata ya kujaza PHQ-9 ya pili.

Umeuliza kama madaktari wanaogopa au hawajui. Swali hili lilichunguzwa sana Uingereza miaka ya 1990, wakati vyama viwili vya kitaaluma, cha madaktari wa akili na cha madaktari wa kawaida, vilipoendesha kampeni ya pamoja dhidi ya sonona kati ya 1992 na 1996. Wataalamu wa wakati huo walishauri kwamba amitriptilini na wenzake wa kundi la trisaikliki wafikishwe miligramu 125 au zaidi. Vyeti vilipochambuliwa, picha ilikuwa hiihii unayoiona dirishani: idadi kubwa ya wagonjwa wa madaktari wa kawaida hawakuwahi kufika huko. Wale walioandikiwa dawa mpya za kundi la SSRI, ambamo fluoksetini, sertralini na sitalopramu zimo, wengi wao walikuwa kwenye dozi inayotibu. Madaktari walikuwa walewale na elimu yao ileile. Kilichotofautiana ni dawa.

Fikiria safari za mgonjwa. Mwongozo wa mhGAP wa mwaka 2016 unasema amitriptilini ianze 25 wakati wa kulala, iongezwe 25 hadi 50 kila wiki mpaka 100 au 150. Hizo ni ziara tatu, nne, au zaidi, ndani ya mwezi mmoja na nusu, kwa mtu ambaye hana nguvu hata ya kuoga, na katika kipindi ambacho anachokiona ni maudhi tu: kinywa, choo, macho yenye ukungu, kusinzia mchana. Fluoksetini inaanza 10 kwa wiki moja, kisha 20, basi imefika. Wengi huanza na 20 moja kwa moja. Dawa inayomdai mgonjwa arudi mara nne itabaki kwenye hatua ya kwanza popote ambapo kurudi ni kugumu, hata daktari awe hodari namna gani. Kwa hiyo mimi siwalaumu wenzangu kwa kuanza na 25, huo ndio mwanzo sahihi. Ninacholalamikia ni dozi ya kuanzia kugeuka dozi ya kudumu kwa sababu hakuna aliyepangiwa siku ya kuitazama tena.

Hofu nayo ipo, na ina haki yake. Amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mara moja huvuruga mapigo ya moyo na kuua, na wanaopewa dawa hii ni watu ambao baadhi yao wanawaza kufa. Daktari anayesita kumwandikia mgonjwa wa namna hiyo vidonge vya miezi miwili anafikiri vizuri. Suluhisho lake ni vidonge vichache kwa ziara nyingi, au dawa ya kundi la SSRI ambayo ikizidishwa hatari yake ni ndogo zaidi. Kumpa dozi isiyotibu kisha kumwacha nayo hakumlindi.

Tena madaktari wa kawaida hawakuwa wamepotoka kabisa kuhusu dozi. Mwaka 2002 Toshi Furukawa wa Japani na wenzake walikusanya majaribio ya trisaikliki kwa dozi ndogo na kuchapisha matokeo katika jarida la BMJ. Dozi za kati ya 75 na 100 zilishinda vidonge visivyo na dawa ndani, na waliopewa dozi kubwa zaidi ya hapo hawakupona zaidi kwa kiasi cha kutajika, ila waliacha dawa kwa sababu ya maudhi kwa wingi zaidi. Mimi tangu hapo nikifika 75 husimama kwanza nitazame. Mgonjwa akiwa anainuka, sikimbilii 150 ili kuufurahisha mwongozo. Lakini angalia namba: 75 hadi 100. Utafiti huu hauipi uhalali 25 ya mwaka mzima kwa mwenye sonona ya wastani au nzito, ingawa nimewahi kusikia ukinukuliwa hivyo.

Fluoksetini sasa. Dawa za SSRI huzuia serotonini isifyonzwe mapema kutoka kwenye nafasi kati ya seli za ubongo. Uchunguzi wa picha za ubongo umeonyesha kwamba dozi ya kawaida ya chini, mfano sitalopramu 20, tayari inashika takriban asilimia 80 ya milango hiyo ya kufyonzea. Ukiongeza dozi mara mbili huzibi milango mara mbili, kwa kuwa iliyobaki ni michache. Mwaka 2019 Furukawa tena na wenzake walichora uhusiano wa dozi na matokeo katika jarida la Lancet Psychiatry: kwa SSRI faida inapanda mpaka kiasi kinacholingana na fluoksetini 20 hadi 40, baada ya hapo hainyanyuki tena, huku idadi ya wanaoacha kwa maudhi ikiendelea kuongezeka. Ndiyo maana cheti chako cha fluoksetini 20 kisichopanda hakinisumbui, ilimradi mgonjwa amepata nafuu.

Hilo la nafuu ndilo la kuuliza. Asipokuwa na nafuu yoyote baada ya wiki sita, kwenda 40 ni hatua inayokubalika. Kuna madaktari wanaoendelea 60, 80, wakiongeza dawa kila mgonjwa anaposema bado, na hapo naona kosa lilelile limegeuzwa upande wa pili: dozi inasogea bila mtu kumtazama mgonjwa. Kabla ya kupandisha nauliza kwanza kama dawa inamezwa kweli, maana wengi humeza siku wanazojisikia vibaya tu. Nauliza pombe. Napima tezi ya shingo na damu. Nauliza kwa faragha kama anapigwa nyumbani, kwa sababu hakuna miligramu za fluoksetini zinazotibu kipigo. Sitalopramu ina mpaka mgumu zaidi: tangu mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani ilizuia kuvuka 40 kwa siku, na waliopita miaka 60 wasivuke 20, kwa sababu ya mwenendo wa umeme wa moyo.

Kuhusu wanaochukua mara moja au mbili na kupotea, hao ndio wengi na ndio wananiuma. Siku kumi za mwanzo mgonjwa anapata kichefuchefu, tumbo, kichwa, wasiwasi unaoongezeka kidogo, usingizi unaokatika. Faida haijafika. Kama hakuna aliyemwonya, anajumlisha mwenyewe kwamba dawa inamdhuru, na anaacha. Jaribio la PANDA, lililofanywa kwa sertralini miongoni mwa wagonjwa wa madaktari wa kawaida Uingereza na kuchapishwa 2019, lilionyesha jambo ambalo mimi sasa namwambia kila mgonjwa: kufikia wiki ya sita kilichopungua wazi ni wasiwasi, na dalili zenyewe za sonona zilikuwa zimesogea kidogo sana. Mtu anayengoja furaha wiki ya tatu atakata tamaa. Mtu aliyeambiwa "tazama kama moyo umeacha kukurukaruka, hiyo ndiyo dalili ya kwanza" atavumilia.

Na wapo ambao kurudi kwao mapema ni suala la usalama. Kwa watoto na vijana mamlaka ya Marekani iliweka onyo zito mwaka 2004, ikalipeleka mpaka umri wa miaka 24 mwaka 2007, kwamba mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka mwanzoni mwa tiba. Kijana aonekane ndani ya wiki moja. Ukiona cheti cha kijana wa miaka ishirini, mara ya kwanza, vidonge vya miezi mitatu, hicho kirudishe kwa daktari kwa upole, muulize kama anaweza kugawa.

Tusisahau pia kwamba baadhi ya vyeti hivi havikupaswa kuandikwa. Mtu aliyefiwa wiki tatu zilizopita analia kwa sababu amefiwa. Uingereza mwongozo wao wa 2022 unashauri kwamba sonona isiyo nzito isianzishiwe dawa kama tiba ya kwanza kwa mazoea, isipokuwa mgonjwa mwenyewe akichagua hivyo. Mazungumzo yenye mpangilio hutibu. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda na wenzake waliwafundisha wahudumu wa afya wa kawaida, wengi wao kina bibi, kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua tatizo moja kwa wakati mmoja, na jaribio lao lililochapishwa 2016 lilionyesha dalili zikipungua sana kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Mahali pasipo na benchi wala mtu wa kuzungumza, kalamu huandika kidonge. Nalielewa hilo, na bado linanihuzunisha.

Umetaja pia wanaochukua dozi ileile tangu uajiriwe. Mwongozo wa mhGAP unataka dawa iendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, halafu daktari na mgonjwa waamue. Uamuzi huo sehemu nyingi haufanywi. Jaribio la ANTLER la mwaka 2021 liliwachukua wagonjwa 478 wa madaktari wa kawaida waliokuwa wamekaa kwenye dawa muda mrefu na walijisikia vizuri. Baada ya wiki 52, kati ya walioendelea na dawa asilimia 39 walirudiwa na sonona, na kati ya walioachishwa asilimia 56. Mimi nawasomea wagonjwa wangu namba hizo zote mbili. Kuacha kunaongeza hatari, hilo ni kweli, na ni kweli pia kwamba zaidi ya wanne kati ya kumi waliacha na hawakurudiwa mwaka mzima. Mtu mwenye vipindi vitatu vya sonona nyuma yake atazisikia namba hizo tofauti na mwenye kimoja.

Anayeacha aache polepole, na hapa ile asilimia 80 inarudi. Kushuka kutoka sitalopramu 20 hadi 10 ubongo hauhisi sana, kwa kuwa milango mingi bado imeshikwa. Kutoka 10 hadi sifuri ndipo penye mteremko mkali. Kwa hiyo hatua za mwisho ndizo ziwe ndogo zaidi na za muda mrefu zaidi, wiki nyingi, na kwa aliyekaa miaka, miezi. Fluoksetini husamehe kidogo kwa sababu hutoka mwilini polepole sana, yenyewe na masalia yake huchukua wiki kadhaa. Paroksetini na venlafaksini, dawa nyingine mbili za sonona, hazisamehi. Mtu akija dirishani baada ya kukosa dawa siku tatu akasema kizunguzungu, ndoto za kutisha, na kama shoti ya umeme inayopita kichwani anapogeuza macho, hiyo kwa kawaida ni dawa iliyokatwa ghafla. Sonona inayorudi huja taratibu, kwa wiki. Wagonjwa wengi hudhani zile shoti ni ushahidi kwamba wamekuwa watumwa wa dawa. Waambie mwili ulikuwa umezoea na umeshtuliwa. Hii haifanani na uraibu wa pombe, hakuna kiu ya dawa, hakuna kutaka zaidi na zaidi. Na ghala lenu likikaribia kuishiwa dawa, wajulishe madaktari kabla, sio siku rafu imebaki tupu.

Sasa wewe na dirisha lako. Unasema kazi yako ni kutoa tu. Mtu wa mwisho kuzungumza na mgonjwa kabla hajameza kidonge ni wewe. Nakuomba maswali mawili, usiongeze mengine la sivyo foleni itakushinda. La kwanza: "Dawa hii umeambiwa ni ya nini?" Akisema miguu, mpe, mtakie afya. Akisema usingizi, au mawazo, au akisema hajui, weka alama kwenye daftari lako. La pili: "Unarudi lini kwa daktari?" Asiyekuwa na tarehe, weka alama nyingine. Mwenye alama zote mbili na miezi miwili imepita, mwandikie daktari mstari mmoja tu: "Mgonjwa huyu yuko kwenye amitriptilini 25 kwa miezi minane. Je, ni ya maumivu au ya sonona?" Andika hivyo hivyo kama swali. Usiandike kwamba dozi ni ndogo, na usimwambie mgonjwa kwamba daktari amekosea, kwa sababu huenda hakukosea, na mgonjwa akipoteza imani ataacha hata hiyo 25. Dozi usiibadilishe wewe.

Kodolea macho vyeti vinavyochanganya. Fluoksetini pamoja na tramadoli, dawa ya maumivu, simama, muulize daktari, kwani zote mbili huongeza serotonini na tramadoli inaweza kuleta degedege. SSRI pamoja na ibuprofeni au aspirini kwa mwenye vidonda vya tumbo, vivyo hivyo, damu hutoka kirahisi. Mama anayemeza tamoksifeni kwa saratani ya titi asipewe fluoksetini wala paroksetini kabla daktari hajajua, kwa maana zinazuia tamoksifeni isigeuzwe kuwa dawa inayofanya kazi. Mzee aliyeanza SSRI wiki mbili zilizopita akija amechanganyikiwa, fikiria chumvi ya damu imeshuka, apimwe.

Wale waliochukua mara moja na hukuwaona tena, majina yao yako kwenye daftari. Omba idhini ya mkuu wa kliniki, kisha kila Ijumaa chukua walioanza dawa wiki hiyo, wapige simu siku ya saba au ya nane. Ukipokelewa na mtu mwingine usitaje ugonjwa wala dawa, sema tu unamtafuta fulani kutoka kliniki, utapiga tena. Akija mwenyewe, usianze na "umeacha dawa?" Anza na tumbo. Muulize kichefuchefu kikoje, anakula saa ngapi kabla ya kumeza, na usingizi. Akikwambia ameacha siku ya nne kwa sababu ya kichefuchefu, mwambie kwamba wengi hupitia hapo, kwamba mara nyingi hupungua ndani ya wiki mbili, na kwamba daktari anataka kumwona kesho, si mwezi ujao. Halafu mpe saa.